Redio ya chuo, pesa za wasikilizaji: nani aonyeshwe daftari?

Msikilizaji wa WBUR huko Boston anapoitikia wito wa wiki ya michango, anaahidiwa kikombe au mfuko wenye nembo ya kituo. Aliyemwomba ni sauti anayoamka nayo kila asubuhi. Leseni ya masafa ya 90.9, hata hivyo, imeandikwa jina la Wadhamini wa Chuo Kikuu cha Boston, na mchango wake kisheria unaingia kwao. Moyoni amechangia redio. Kwenye karatasi amechangia chuo kinachomiliki redio. Tofauti hiyo inaweza kukaa miaka bila kumsumbua mtu, mpaka siku zinapoibuka tuhuma za uendeshaji mbovu.

Zikishaibuka, mabishano hufuata mkondo uleule. Wasikilizaji na baadhi ya watumishi wanasema pesa zimetumika vibaya na wanataka kuziona hesabu. Chuo kinajibu kwamba jambo linashughulikiwa ndani. Watu makini wanaotazama kwa mbali huelekea kuegemea upande wa chuo. Wanasema wasikilizaji ni watu wa mapenzi: ukiwaondolea kipindi au mtangazaji waliyemzoea, kila nakisi wanaiita wizi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na nitairudia. Ila kwa maoni yangu imewaonea wasikilizaji kwa muda mrefu, kwa sababu inalipima neno walilotumia badala ya kupima walichokuwa wakidai.

Tuanze na WBUR yenyewe. Mwaka 1998 kituo hicho kilivuka mpaka wa jimbo na kuanzisha WRNI, Providence, katika jimbo dogo la Rhode Island. Wenyeji walitoa pesa zao ili jimbo lipate redio ya umma, yaani isiyo ya biashara, inayolizungumzia. Septemba 2004 wakasikia kwamba WBUR inakusudia kuiuza. Hawakuwa wameulizwa. Mwanasheria Mkuu wa Rhode Island aliingilia kati, maana kazi mojawapo ya ofisi hiyo ni kulinda mali iliyochangwa na wananchi kwa kusudi maalumu. Wakati huohuo zikatoka tuhuma dhidi ya meneja mkuu wa WBUR kuhusu matumizi na upendeleo katika ajira, na Oktoba mwaka huo akajiuzulu, baada ya kukiongoza kituo kwa takriban miaka 25.

Haki yake isipotee hapa. Alipokea redio ndogo ya chuo, akaiacha ikiwa miongoni mwa vituo vikubwa vya redio ya umma nchini Marekani. Tuhuma ni tuhuma, na zilimwagwa hadharani kabla ya mkaguzi kumaliza kazi. Swali linalonikera ni jingine. Meneja wa redio ya chuo hana kitabu chake cha hundi. Ankara zinapita ofisi ya fedha ya chuo, ajira zinapita ofisi ya utumishi ya chuo, na akiba ya kituo mara nyingi imechanganywa katika akaunti kuu ya chuo. Kituo kikimaliza mwaka na nakisi, pengo huzibwa na chuo na deni kuandikwa vitabuni. Nakisi ya miaka mitatu maana yake kuna mtu chuoni aliyeikubali mara tatu. Sasa chuo kikija mbele kama mmiliki aliyehadaiwa na meneja wake, mtu ana haki ya kuuliza kilikuwa wapi.

Jiji la Washington lilipitia jambo la aina hiyo. WAMU, redio ya American University, ilishuhudia akiba yake ikipungua mwanzoni mwa miaka ya 2000, watumishi wakalalamika, wachangiaji wakubwa wakalalamika, na mwaka 2003 chuo kikamwondoa mkurugenzi wake. Waliopiga kelele walionekana wasumbufu hadi chuo kilipochukua hatua waliyokuwa wakiidai.

Upande wa vyuo una hoja nzito zaidi ya hiyo ya mapenzi ya wasikilizaji. Kwanza, nakisi haimaanishi kuna mwizi. Mwaka 2004 na mwaka 2024 WBUR ilikuwa na matatizo ya fedha, lakini sababu hazifanani hata kidogo. Mwaka 2024 uongozi ulieleza wazi kwamba tangu 2019 kituo kilikuwa kimepoteza zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya udhamini wa hewani, yaani dola milioni 7. Kampuni zilizokuwa zikitajwa katikati ya taarifa ya habari zilihamishia pesa zao kwenye mitandao. Watumishi wakapunguzwa, wengine wakiondoka kwa hiari na malipo. Ukiitazama nakisi hiyo bila maelezo ungedhani kuna mkono wa mtu mfukoni. Pili, chuo kinabeba mzigo halisi: ndicho kinachowajibika mbele ya Tume ya Mawasiliano, FCC, ndicho kinachoshtakiwa kituo kikikosea, na wanafunzi wanaolipa karo wana haki ya kuuliza kwa nini mamilioni yaende kwenye redio ambayo wengi wao hawaisikilizi. Tatu, uwazi uliokithiri una madhara yake. Kituo kikipeleka kila uamuzi kwenye mkutano wa wachangiaji, chumba cha habari kitaanza kuwaogopa wachangiaji.

Hoja hiyo ya tatu naiheshimu, lakini mkono wa chuo nao si salama kwa chumba cha habari. Mwaka 2017 mwandishi wa WUTC, redio ya Chuo Kikuu cha Tennessee, Chattanooga, alifukuzwa kazi baada ya kuripoti mkutano kati ya wanafunzi wa sekondari na seneta wa jimbo. Chuo kilisema hakujitambulisha kama mwandishi. Uamuzi wa kumfukuza ulitoka kwa maofisa wa chuo baada ya wabunge wa jimbo kulalamika, na NPR, mtandao wa kitaifa wa redio za umma, ilisema hadharani kwamba jambo hilo lilipaswa kuachiwa wahariri wa kituo. Chuo kinachotegemea bajeti ya jimbo kina sababu zake za kuogopa.

Turudi kwenye hesabu, maana huko ndiko wasikilizaji wanakodharauliwa zaidi. Chukua taarifa ya hesabu iliyokaguliwa ya kituo chochote cha redio ya umma kinachomilikiwa na chuo. Upande wa mapato utakuta michango ya wasikilizaji, udhamini, ruzuku, halafu mstari wa msaada wa kiutawala kutoka chuoni. Msomaji wa kawaida anaelewa kwamba chuo kimetoa pesa. Mara nyingi hakuna dola iliyohama. Chuo kimepiga hesabu ya sehemu ya gharama zake za jumla, kama vile ofisi ya mishahara, wanasheria, walinzi, umeme na paa la jengo, kikaigawia redio fungu lake, kikaliandika kama mchango. Ukishuka chini, upande wa matumizi, utakutana na kiasi kilekile kikitoka. Kimeingia na kutoka bila kugusa benki.

Mtindo huo ni halali na una mantiki, kwani paa lina gharama, na kituo kisichomilikiwa na chuo hulipa pango. Lakini angalia unachofanya kwenye mjadala. Tuseme kituo cha kubuni kina mapato ya dola milioni 5 na katika hizo milioni 1 ni za mstari huo. Wasikilizaji wametoa milioni 2. Msemaji wa chuo atasema chuo kinachangia asilimia 20 ya bajeti ya redio, na hatakuwa amedanganya. Ukiondoa ile milioni ya karatasi, zinabaki milioni 4 za pesa taslimu, na wasikilizaji ndio waliotoa nusu yake. Kuna vituo, tena, ambavyo vinatozwa na chuo ada ya huduma zilezile. Mtu anayebishania mstari huu haonyeshi kwamba hajui hesabu. Amegusa penyewe. Ofisi ya mkaguzi wa Shirika la Utangazaji wa Umma, CPB, lililokuwa likigawa pesa za serikali kuu kwa vituo, iliwahi kuvikuta vituo zaidi ya kimoja vikiwa vimeukuza mstari huu kupita kiasi, na hilo lilikuwa na uzito kwa sababu ruzuku ya CPB ilitegemea kwa sehemu kiasi ambacho kituo kilionyesha kukusanya nje ya serikali kuu.

Wasikilizaji wakipewa nafasi hufanya nini? Novemba 2015 Pacific Lutheran University, karibu na Tacoma katika jimbo la Washington, ilitangaza kwamba itaiuza KPLU, redio ya jazi na habari kwenye masafa ya 88.5, kwa Chuo Kikuu cha Washington. Bei ilikuwa dola milioni 7 taslimu na milioni 1 ya muda wa matangazo. Chumba cha habari kingefungwa. Bodi ya ushauri ya jamii, ambayo haikuwa imeulizwa, ilipinga waziwazi. Vyuo vyote viwili vilikuwa na haki kamili ya kuuziana. Kelele zilipozidi vilikubali kuwapa wenyeji miezi sita: wakipata dola milioni 7 kabla Juni 2016 haijaisha, kituo ni chao. Zilitimia mwezi Mei. Zilitoka kwa maelfu ya watu, wengi wao wa mchango mdogo, na mwisho wa Agosti 88.5 ikaanza kuitwa KNKX, ikimilikiwa na shirika la jamii. Rhode Island nayo ilimaliza hivyohivyo: mwaka 2008 WRNI iliingia mikononi mwa shirika la wenyeji.

Mtu atasema KPLU ni bahati, na kwamba kwa kila KPLU kuna KUSF, redio ya Chuo Kikuu cha San Francisco, ambako asubuhi ya 18 Januari 2011 mtangazaji wa kujitolea alikuwa hewani masafa ya 90.3 yakakatwa ghafla, kwa sababu chuo kilikuwa kimekwisha kukubaliana kimyakimya kuyauza kwa dola milioni 3.75. Ni kweli. Ila huko San Francisco hakuna aliyepewa miezi sita ya kujaribu.

Jambo linalonifanya niandike haya sasa limetokea mwaka 2025. Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa CPB, Rais akatia saini Julai 24, na wiki moja baadaye CPB ikatangaza kuanza kufunga shughuli zake. Yamesemwa mengi kuhusu vituo vya vijijini vitakavyozimika, na yote yanastahili kusemwa. Nimesoma machache mno kuhusu kitu kingine kilichoondoka na pesa hizo.

Sheria ya utangazaji wa umma, kuanzia ile ya 1967 na marekebisho yake, iliweka masharti kwa kituo kinachopokea ruzuku. Mikutano ya bodi iwe wazi. Taarifa za mwaka za fedha na ukaguzi ziwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuzisoma. Kuwe na bodi ya ushauri ya jamii, isipokuwa kwa vituo vinavyomilikiwa na jimbo au taasisi zake, vikiwemo vya vyuo vikuu vya umma. Bodi hiyo hushauri tu, haina mamlaka ya kumfukuza mtu, na ile ya KPLU ilionyesha inavyoweza kurukwa. Lakini masharti yote matatu yaliandikwa kama masharti ya kupewa pesa. Pesa zikikoma, hakuna kinachomlazimisha mmiliki kuendelea kuyafuata. Vyuo vya umma bado vinabanwa na sheria za majimbo za kumbukumbu za umma. Chuo binafsi hakibanwi na hizo, na taarifa yake ya kodi inaimeza redio ndani ya hesabu za chuo kizima, hospitali na mabweni pamoja.

Kwa hiyo mwaka uleule ambao vituo vinamgeukia msikilizaji na kumwambia kwamba sasa wewe ndiwe tegemeo letu, haki yake ya kuliona daftari imelegea kuliko wakati wowote tangu alipoanza kuombwa. Anaombwa zaidi na anaweza kuonyeshwa kidogo zaidi. Tuhuma zijazo za uendeshaji mbovu zitaibuka katika giza hilo. Baadhi hazitakuwa za kweli, na meneja asiye na kosa hatakuwa na karatasi ya wazi ya kujisafishia. Hili watetezi wa vyuo hawalipi uzito unaostahili: hesabu zilizo wazi zilikuwa zikimkinga anayetuhumiwa sawa na zilivyokuwa zikimsaidia anayetuhumu. WBUR ya 2024 iliaminika iliposema tatizo ni udhamini kwa sababu ilitaja tarakimu.

Chuo hakina haja ya kungoja Bunge. Masharti yale yanaweza kuingia kwenye azimio la bodi ya wadhamini la kurasa mbili: hesabu zilizokaguliwa za redio pekee zichapishwe kila mwaka, pesa taslimu ya chuo itenganishwe na ile ya karatasi, na ikifika siku ya kutaka kuuza leseni, wachangiaji waarifiwe miezi sita kabla ya mkataba kusainiwa. Mikutano ya wazi ni ngumu zaidi kwa chuo binafsi, na ningeridhika kama bodi ya ushauri ingekabidhiwa taarifa ya mkaguzi siku ileile wadhamini wanapokabidhiwa. Vituo vingi bado vinachapisha hesabu zake kwa mazoea ya miaka ya CPB. Msikilizaji anayeombwa mchango msimu huu anaweza kuuliza iwapo mwakani navyo vitachapisha, na nani ameahidi hivyo kwa maandishi.