Maksai sita, trekta moja, na mimi nimeshika usukani

Kuna picha moja ambayo mpaka leo jamaa fulani kijijini anayo kwenye simu yake na amegoma kuifuta hata nilipomwahidi vocha. Kwenye hiyo picha nipo juu ya trekta, Massey Ferguson 135 nyekundu, nimevaa miwani ya jua, nimeshika usukani kwa mikono miwili na uso nimeukaza kama dereva wa basi la mkoani anayewahi mizani, halafu mbele yangu kuna maksai sita wamefungwa mnyororo wanalivuta. Trekta limezima. Ng'ombe ndo wanaendesha, mimi abiria.

Basi ngoja niwasimulie ilivyokuwa, maana huko kijijini wameshaongeza chumvi mpaka nasikia nilianguka. Sikuanguka.

Hilo trekta ni la familia, marehemu baba alilinunua likiwa limeshapita mikono ya watu sijui wangapi. Ni la mwaka 1972, limeundwa Coventry huko Uingereza, injini yake Perkins ya pistoni tatu, yaani limenizidi umri mbali na tunaliita Bibi. Mashine ngumu kweli, haina kompyuta, haina sensa, ina dizeli, ina upepo, ina kelele, basi. Shamba letu liko Kongwa, upande wa Kibaigwa kule kwenye soko la mahindi, na mimi naishi Dar nafanya kazi ya kukaa kwenye kiti. Ila nimeangalia video nyingi sana za matrekta. Hapo ndo tatizo lilipoanzia.

Nimefika mwezi wa 11 mwishoni kabla mvua hazijakolea, nikazunguka Bibi nikimkagua kama daktari bingwa, nikaona mfuniko wa tangi la dizeli una katundu. Kadogo tu, unaweza kupitisha sindano ya kushonea magunia. Nikasema ebo, hapa si ndo vumbi linaingia, na mvua ikinyesha maji yote yanaishia kwenye dizeli, hawa watu hawajui kutunza mali. Nikachukua tyubu ya baiskeli, nikakata duara safi kwa mkasi, nikapaka gundi ya silikoni, nikaibandika ndani ya mfuniko, nikafunga. Ikakaza mpaka ikalia nyii. Nikampigia bamdogo simu kabisa kumweleza kwamba sasa hivi tangi halipitishi hata pumzi.

Wenye matrekta najua mmeshaanza kucheka. Vumilieni, mimi nililipia hii elimu.

Mvua ya kwanza ikapiga, tukaingia kazini. Nilikuwa nimechukua hela za watu kabisa, heka 11 kwa elfu 45 kila moja, laki tano kasoro, na sehemu ya hizo hela ilishapita kwenye nyama choma. Dereva wetu ni dogo mmoja mtulivu, haongei sana, anajua kazi. Akawasha, Bibi akakohoa moshi, plau ya sahani ikazama ardhini, udongo ukaanza kugeuka mwekundu mzuri na korongo wakaja nyuma kuokota wadudu, mimi nipo pembeni napiga picha za kutuma kwenye grupu la ofisini. Dakika 20 hivi. Mara sauti ikaanza kupanda na kushuka, du-du-du, du... du..., kama mtu anayesinzia kwenye ibada, akazima.

Dogo akashuka, akafungua mfuniko wa tangi aangalie dizeli kwa kijiti. Mfuniko ukalia fyuuu.

"Bosi, hii sauti ya nini?"

Nikamjibu bila hata kufikiria, "Hiyo ni gesi ya dizeli, dogo. Joto hilo."

Gesi ya dizeli! Sijui hata niliitoa wapi.

Fundi wa kwanza akaja na bodaboda. Naye kama fundi yeyote akaanza kwa kufungua tangi, fyuuu, akachungulia, akasema dizeli ipo, shida ni upepo umeingia kwenye mfumo. Na hapa nisimdharau mtu, upepo ulikuwepo kweli. Alilegeza kale kaskrubu ka juu ya fluta, yaani chujio la dizeli, akawa anapampu kale kamkono ka lifti pampu, ile inayovuta dizeli toka tangini, kwa dole gumba, pole pole, na kwenye skrubu pakawa panatoka povu jeupe la dizeli kama mate ya ngamia, anapampu, povu, anapampu, povu, mpaka ikaanza kutoka dizeli tupu inayong'aa, akakaza. Akahamia kwenye pampu kubwa, akarudia. Akamalizia kwenye nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, analegeza nati moja moja huku dogo anapiga stata. Bibi akawaka! Elfu 40, asante fundi, Mungu akubariki. Bodaboda ilikuwa haijafika barabarani Bibi akazima tena.

Fundi wa pili akasema yule wa kwanza ni kanjanja, upepo sio ugonjwa, upepo ni dalili, ugonjwa ni nozeli. Alikuja na spana za milimita wakati nati za Bibi nyingi ni za inchi, kuna moja namba 14 haiingii na 15 inateleza, akaizungushia kipande cha kopo la soda ndo ikakamata, na nikamheshimu hapo hapo. Nozeli tatu zikaenda mjini kwenye kiroba, zikarudi baada ya siku mbili. Laki na themanini. Akafungua tangi, fyuuu, akatoa upepo, Bibi akawaka kwa raha zake. Tukalima nusu heka.

Sasa ona hii ilivyonichanganya. Tangi likiwa nusu, tunalima karibu saa nzima ndo linazima. Nikasema labda dizeli ikishuka inavuta uchafu wa chini, ngoja nijaze mpaka juu kabisa. Nikajaza mpaka pomoni. Bibi akazima baada ya dakika kumi! Yaani kadiri ninavyomlisha ndivyo anavyozimia haraka. Bamdogo akatoa hukumu kwamba dizeli imechakachuliwa, wamechanganya na mafuta ya taa, na mimi nikaenda pale sheli kwa hasira nikamfokea kijana wa watu mbele ya wateja, kijana hana kosa lolote. Leo naelewa kwamba tangi likijaa, sehemu ya hewa juu ni ndogo, dizeli ikipungua lita moja tu na hakuna hewa inayoingia kujaza nafasi, tangi zima linavuta kurudi ndani na kale kalifti pampu ka 1972 hakana ubavu wa kushindana nalo. Ila siku ile sikuwa naelewa, nilikuwa na hasira tu.

Fundi wa tatu hata hakugusa. Aliweka sikio kwenye injini, akafumba macho, akasema "Pampu imechoka. Dodoma mjini. Laki sita." Nikamwambia ngoja nijipange. Alifungua tangi wakati wa kuondoka, sijui kwa nini, mazoea tu. Fyuuu.

Kwa wakati huo wateja wangu walikuwa wameshaanza kuja nyumbani asubuhi, hawagombi, wanakaa tu kwenye benchi chini ya mti, wanaomba maji ya kunywa, wanaangalia mawingu. Bora wangegomba.

Siku ya maksai betri ilikuwa imekufa kwa kupigishwa stata kutwa. Jirani yetu, babu mmoja wa Kigogo mwenye ng'ombe wa kulimia, akaja polepole na fimbo yake begani. Nikamwamkia mbukwenyi kwa adabu zote, akaitikia, akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akasema:

"Mjukuu wangu, hapa Kongwa Waingereza walikuja kulima karanga na mitambo mingi kuliko nyumba zetu. Wakafunga virago. Wewe umekuja na hako?"

Na hajadanganya. Ule mradi wa karanga ulianzia hapa hapa Kongwa mwaka 1947, walifikia hatua ya kugeuza vifaru vya vita vya Sherman kuwa matrekta, mibuyu ikawatoa jasho, udongo kiangazi unakuwa sementi, kufika 1951 wakaacha. Sasa ukishaambiwa na mzee kwamba vifaru vilishindwa halafu anakusaidia kwa ng'ombe, unabaki na kitu gani cha kusema? Nikavaa miwani ya jua nifiche macho.

Ndo picha ikapigwa hapo.

Wazo la kumwasha Bibi kwa kuvutwa lilikuwa langu, babu alitaka tu kutufikisha nyumbani. Njia ya kurudi ina mteremko. Nikasema dogo akae pembeni, mimi naweka gia ya tatu, nimekanyaga klachi, tukishika kasi naachia, injini inawaka, tunasimama, tunafungua ng'ombe, tunashangilia. Na dogo alikuwa ametoka kufungua tangi kuangalia dizeli dakika chache nyuma, kwa hiyo Bibi alikuwa ameshapata pumzi yake, ila mimi sijui hilo.

Nikaachia klachi. Bibi akaunguruma DUUUU na wingu la moshi juu, kwa sababu mkono wa mafuta nilikuwa nimeuvuta mpaka mwisho.

Jamani, maksai hawajawahi kufukuzwa na kitu ambacho wamekifunga wenyewe mgongoni. Waliondoka! Babu alipiga mluzi, akapiga kelele kwa Kigogo, hamna. Wao wakizidi kukimbia mnyororo unakaza, Bibi naye kwenye gia anawafuata na kelele zake nyuma yao, wanaona lidude linawakimbiza, wanazidi. Mimi juu nakanyaga kila kilichopo chini, breki za Bibi zina pedeli mbili, ya kushoto na ya kulia, nikakanyaga moja, trekta likapinda likaacha njia, tukaingia uwanjani kwa mama anayeuza mafuta ya alizeti kando ya barabara. Meza chini. Benchi mbili zimevunjika. Dumu la lita 20 limelala linamwaga mafuta glo, glo, glo. Nikakumbuka kuvuta stopu ya kuzimia injini. Bibi kimya. Maksai wakasimama hapo hapo, mmoja akaanza kula mashudu.

Kesho yake jioni nikaenda kwa yule mama kulipa hasara, nimeinamisha kichwa. Mama hana neno, akanikaribisha kigoda, akaendelea kuhudumia wateja. Ana dumu la njano amelilaza juu ya stuli, na juu kwenye mgongo wa dumu ametoboa tundu kwa msumari, tundu amelichomeka njiti ya kiberiti. Mteja akija na chupa, mama anachomoa njiti, mafuta yanatiririka laini kabisa kwenye katundu ka mfuniko. Chupa ikijaa anarudisha njiti, mafuta yanasita, yanadondoka tone, tone, yanakoma. Hata mfuniko hagusi.

Nikauliza kwa kuzugazuga tu, "Mama, hako kanjiti ka nini?"

"Mwanangu, mafuta yatatokaje bila kuingiza hewa? Hata mtoto anajua."

Nilikaa pale. Mteja mwingine akaja, njiti ikatoka, mafuta yakashuka. Njiti ikarudi, mafuta yakagoma. Nikawa naangalia ile njiti na masikio yangu yote mawili yanalia fyuuu.

Nikalipa, nikaaga, sikumalizia hata chai.

Usiku kama saa nne nikatoka kimyakimya na tochi ya simu mdomoni na bisibisi mkononi, mpango ni kubandua ile mpira bila mtu kujua, asubuhi tuwashe, niseme nimewasiliana na mtaalamu wa Dar. Nikapanda juu ya Bibi taratibu. Nikashika mfuniko, nikazungusha. Usiku wa kijijini unavyokuwa kimya, ile fyuuu ilisikika kama tairi la lori limepata pancha. Nikakwangua silikoni, mpira ukabanduka, katundu kakaonekana kasafi kabisa, nikakapitisha sindano nihakikishe, nikakapuliza.

Chini ya trela sauti ikasema taratibu, "Bosi."

Nikakosa cha kujibu maana nina simu mdomoni.

"Bosi, kumbe gesi ya dizeli ulikuwa umeibandika wewe?"

Dogo huwa analala pale analinda betri isiibiwe. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Asubuhi tukachaji betri, Bibi akawaka, akalima kutwa nzima hajakohoa, heka zote 11 zikaisha siku ya nne, watu wakaondoka kwenye benchi langu. Bamdogo aliuliza tatizo lilikuwa nini nikamwambia pampu, ila nimeirekebisha mwenyewe bila kwenda Dodoma, akafurahi mpaka akawahadithia watu msikitini. Fundi wa pili naye anasema ni nozeli zake ndo zilishika. Simbishii.

Tatizo limebaki kwa dogo. Hajamwambia mtu, mwaminifu sana. Ila kila mwisho wa mwezi akitaka advansi nikaanza kumweleza hali ngumu, hajui kubembeleza huyu, ananyamaza kidogo kwenye simu, halafu anafanya kwa mdomo, taratibu, fyuuu. Natuma na ya kutolea.