Hewa Safi, Mnasema

Asubuhi hii nimepigiwa simu na rafiki yangu mmoja, mtu wa kiti cha kuzunguka na feni, akaniambia kwa wivu kabisa: "Una raha wewe. Unavuta hewa safi." Hewa safi! Wakati ananiambia hayo nilikuwa nimezama hadi magotini kwenye lundo la mboji, simu nimeibana kwa bega maana mikono haikuwa ya kushikia kitu cha mtu mstaarabu, na pumzi nilikuwa navuta moja tu na kuitumia kwa dakika nzima, kama mzamia lulu. Sikumjibu. Ningefungua mdomo ingeingia.

Halafu kuna hili jina, kilimo hai. Kwa akili yangu ya siku ya kwanza, shamba lisilotumia dawa wala mbolea za viwandani ni shamba lenye kazi pungufu. Si umeondoa kupiga dawa? Si umeondoa kubeba mifuko? Basi unabaki na kukaa chini ya mti ukiangalia mboga zinavyokua kwa hiari yake. Hakuna aliyenitonya kwamba dawa hazikuondolewa, zimebadilishwa tu. Dawa ya magugu ni mimi. Dawa ya viwavi ni mimi, kwa vidole hivi viwili, kila alfajiri, kiwavi mmoja mmoja, mpaka sasa tunajuana kwa sura. Na gari la mbolea ni mimi na toroli lenye gurudumu lililopinda, toroli ambalo ukilipeleka kulia linakwenda kushoto kwa makusudi.

Sasa hilo lundo.

Wiki iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kupanga mboji peke yangu. Kwa mtu aliyeanza juzi hicho ni cheo. Mzee mwenye shamba alinieleza taratibu: tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, samadi kidogo, maji kidogo, unaanza tena na makavu, hivyo hivyo mpaka lundo livuke mita moja kwenda juu. Mwisho unachomeka fimbo ndefu katikati. Nilisikia yote. Ila kwenye ile "samadi kidogo" nikaongeza busara zangu. Nilijiuliza, samadi si ndiyo chakula chenyewe? Nani amewahi kulalamika kwamba amepakuliwa kingi? Palipotakiwa toroli moja nikapeleka sita. Maji nayo nikamwaga bila uchoyo. Nikachomeka fimbo, nikarudi nyuma hatua tatu, nikashika kiuno kama mtu aliyemaliza kujenga ghorofa.

Leo Mzee kaja kukagua. Na Mzee huyu hana kelele, hilo ndilo tatizo lake. Mtu anayefoka unajua pa kujificha. Huyu ukimwamkia anaitikia, anakuuliza umelalaje, mgongo unaendeleaje, na wakati wewe unajibu yeye ameshachomoa fimbo na kuishika ile sehemu iliyokuwa ndani, kama mama anayempima mtoto homa.

"Shika, mwanangu."

Nikashika.

"Unaionaje?"

"Vuguvugu, Mzee. Nadhani ni baridi ya usiku."

"Lundo likipangwa vizuri, katikati linapanda mpaka nyuzi 55, hata 60, na baridi hailifanyi kitu. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu. Hii fimbo ungeishika ukaiachia."

Nikaitazama fimbo. Nadhani na yenyewe ilikuwa inanitazama.

Kisha akasema neno moja tu. "Nusa."

"Nimeshanusa, Mzee. Toka kule bombani nilikuwa nanusa."

"Sogea karibu."

Naomba mnielewe, mimi ni mtu mzima. Nina watoto wanaoniita baba. Kuna watu huko duniani wananiamkia shikamoo. Nimewahi kuvaa tai, tena si ya kuazima. Nikapiga magoti mbele ya lundo la mavi ya ng'ombe kama niliyekwenda kuposa, nikanusa.

"Harufu ya nini?"

"Ya... mboji, Mzee."

"Hapana. Mboji hainuki hivyo. Nusa tena."

Nikanusa tena. Machozi yakatoka. Sikulia, jamani, yalitoka yenyewe.

"Inachoma puani?"

"Inachoma, Mzee."

"Hiyo ni amonia. Samadi imezidi, makavu hayatoshi. Ile naitrojeni tuliyotaka iwe chakula cha mboga ndiyo hiyo inapaa inakwenda zake. Haya, chimba huku chini, unuse na huku."

Sikujua kama kunusa kuna ghorofa ya chini. Nikachukua uma wa shamba, nikachimba, na huko chini nikakuta habari nyingine kabisa. Huko kulikuwa na yai lililotagwa na kuku wa safina ya Nuhu.

"Na hii?"

"Mzee, haya ni mayai viza."

Uso wake ukang'aa! Naapa, aliangalia huku na huku kama anatafuta mtu wa kumwonyesha. "Umepata! Mayai viza ni maji kuzidi. Hewa haipiti, basi vijidudu visivyotaka hewa ndivyo vimeshika kazi. Ikiiva vizuri itanuka udongo uliopata mvua. Pua yako nzuri sana."

Nimekaa pale wiki tatu. Nimebeba, nimepalilia, nimemwagilia, hakuna aliyesema lolote. Nimekuja kusifiwa kwa pua.

Nikadhani mtihani umekwisha. Akaniambia nichote konzi moja nikamue. Mboji yenye unyevu wa kadiri, ukiikamua, inatoa tone moja au mawili tu, kama kitambaa kilichokwisha kukamuliwa. Nikakamua. Ya kwangu ilitiririka kwenye vidole, ikafika kwenye kiwiko, ikaingia mkono wa shati na kuendelea na safari yake kuelekea kwapani, bila haraka. Hapo ndipo simu ilipolia. Hewa safi!

Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba ndani yake kuna hesabu. Majani makavu yana kaboni, samadi na majani mabichi yana naitrojeni, na lundo linataka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu 1. Hesabu niliikimbia shuleni, nikaikwepa kazini miaka yote, nimekuja kuikuta imetulia ndani ya mavi inanisubiri. Nimeshinda kutwa nabomoa lundo lote uma kwa uma na kulipanga upya na makavu. Makavu yenyewe nimeyafuata mwisho wa shamba. Na lile toroli.

Halafu mgongo huu. Siutanii mgongo huu. Jana nimeinama kuokota kamba, nikaona kwa kuwa nimeshafika chini basi ningoje kidogo, labda itatokea sababu nyingine ya kuwa kule. Mtu ananiambia raha! Aje aamke saa kumi na moja alfajiri avae suruali akiwa amelala chali kwa sababu kuketi hakuwezekani. Aje ang'oe ndago. Mnazijua ndago? Ukipiga jembe juu umefurahisha nafsi yako tu, kule chini kuna vinundu vimeungana kama shanga kwenye uzi, na ukikata uzi kila kinundu kinachipua chake. Nilianza na ndago moja iliyokuwa na amani zake. Sasa hivi pale pana ukoo.

Dawa ya mwarobaini nilipiga mara moja, upepo ukiwa unanikabili. Chai haijarudi kuwa na ladha.

Nyungunyungu nao wana mambo yao. Kuna siku nilimkata mmoja kwa jembe, nikajifariji kwamba nimeongeza kikosi, alikuwa mmoja sasa wawili. Mzee akatikisa kichwa. Kwa kawaida hawi wawili. Upande wa kichwa ukiwa na bahati unapona, mkia ndio umekwenda. Jioni ile nikasimuliwa habari za Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, kwamba mwaka 1881 alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu, na alikuwa amewafuga kwenye vyungu, wakapigiwa piano na basuni, lile zumari refu la sauti nzito, ili ijulikane kama wanasikia. Hawasikii. Ila vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe, noti moja tu ikawarudisha mashimoni, kwa mtikisiko. Nyungunyungu wamepigiwa piano, mimi nimepigiwa simu ya hewa safi.

Tena huyo rafiki amesema Jumamosi anakuja, na watoto, wapumzike. Nimemwambia karibu sana, vaa shati jeupe, huku hakuna vumbi. Nilitaka nikaoshe gambuti zangu mapema ili anikute nadhifu, lakini hapa ninayo ya kulia tu. Ya kushoto nadhani ilinitoka mguuni wakati nabomoa lile lundo, nami nikapanga makavu juu yake, na samadi kidogo, na maji kidogo. Nimemweleza Mzee. Amefikiri sana, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mpira hauozi, tutaikuta siku ya kutandaza.