Taa za Ziada za Pikapu: Umbali au Upana?

Anayetaka kufunga taa za ziada kwenye Hilux au Land Cruiser ya mizigo inayokwenda vijijini huanza karibu kila mara na swali moja dukani: mwanga unafika mita ngapi? Muuzaji ana jibu tayari, tena limeandikwa kwenye boksi kwa tarakimu kubwa. Swali hilo si la kipuuzi, ila kwa barabara zetu za changarawe na udongo yapo mengine yenye uzito zaidi: mwanga unatawanyika kwa upana gani, taa inakaa wapi, na gari lenyewe limebeba nini nyuma. Kwa maoni yangu, pikapu ya kazi inafaidika zaidi na taa mbili za nguvu ya wastani, zenye mwanga mpana, zilizofungwa kwenye bampa, kuliko na taa kali ya masafa marefu au ile taa ndefu ya LED ya inchi 50 inayowekwa juu ya kabini. Hata hivyo, wanaopendelea masafa wana hoja inayostahili kusikilizwa kwanza.

Hoja yao ni muda. Katika barabara za lami zilizonyooka za kaskazini mwa Kenya, kama ile inayotoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale, ngamia anaweza kuvuka usiku bila kutoa dalili yoyote, na kwa kuwa miguu yake ni myembamba na kiwiliwili kiko juu, taa zilizoshushwa humulika miguu tu. Dereva anayekwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Kwa mtu wa namna hiyo, kila mita inayoongezwa mbele ya fulu za kawaida, yaani taa kubwa za gari zilizopandishwa, ni nafasi ya kufikiri, na kumwambia aridhike na mwanga mfupi ni kutoijua njia anayopita.

Lakini pikapu nyingi hazifungiwi taa kwa ajili ya lami. Tukichukulia kwamba dereva anahitaji sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki, na kwamba changarawe haishiki tairi vizuri, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa litasimama ndani ya mita 60 hivi, na linalokwenda 80 ndani ya mita 90. Mwanga wa mita 800 hauna kazi hapo. Kinachohitajika ni kuona ukingo wa barabara, korongo lililokatwa na mvua, na mbuzi aliye kichakani upande wa kushoto. Isitoshe, tarakimu ya boksini inategemea kipimo kilichotumika. Kiwanda kimoja hupima mpaka mahali mwanga unapofikia luksi 1 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), kingine mpaka luksi 0.25, ambayo ni kama mwanga wa mbalamwezi kamili, na kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, taa ileile yaweza kuuzwa kuwa ya mita 400 au ya mita 800 bila mtu yeyote kusema uongo. Ndiyo maana pia anayetaka kuongeza umbali mara mbili hulazimika kuongeza ukali wa mwanga mara nne.

Mahali pa kufunga taa hujadiliwa kidogo mno, nami naona ndipo penye tofauti kubwa zaidi. Taa iliyo juu ya kabini huona mbali juu ya kilima na haizamishwi kwenye maji ya mto, na kwa anayefanya kazi shambani usiku, akipakia mazao huku gari limesimama, hakuna mahali bora kuliko hapo. Gari likianza kutembea mambo hubadilika. Shimo huonekana usiku kwa sababu ya kivuli chake, na taa iliyo chini hurefusha kivuli hicho, ilhali taa iliyo juu hukifupisha, hata barabara iliyojaa mashimo ikaonekana tambarare. Tena taa ya juu humulika boneti, hasa ikiwa nyeupe, na macho yakishazoea mng'ao huo wa karibu hayaoni vizuri giza la mbele. Vumbi la lori lililotangulia ndilo baya zaidi, kwa kuwa taa iliyo karibu na usawa wa macho hurudisha mwanga moja kwa moja kwa dereva, na mbele yake pakawa ukuta mweupe. Bampa nalo lina kasoro zake: tope, mawe, na hatari ya kuzuia hewa inayokwenda kwenye rejeta endapo taa ni kubwa mno. Kasoro hizo, angalau, fundi anaweza kuziepuka.

Kisha kuna mzigo, jambo ambalo wenye magari madogo hawalijui. Hilux ina takriban mita 3.1 kati ya tairi za mbele na za nyuma. Magunia yakiishusha nyuma kwa sentimita 8, pua inainuka kiasi cha kuupandisha mwanga kwa zaidi ya mita 1.2 kila mita 50. Taa iliyosetiwa gari likiwa tupu sasa inamulika matawi ya miti na macho ya anayekuja. Masafa marefu huzidisha tatizo hili, kwa sababu mwanga wake mwembamba ukiinuka hauachi chochote barabarani, wakati mwanga mpana bado hubakiza sehemu chini.

Kuhusu halojeni, yaani balbu za uzi, na LED, mizani iko karibu sawa kuliko wauzaji wanavyokiri. LED hula umeme kidogo, haina uzi wa kukatika kwenye barabara iliyojikunja kama bati, na hudumu. Halojeni mbili za wati 100 huvuta karibu ampea 17, mzigo usio mdogo kwa altaneta, mtambo unaochaji betri, ya gari kuukuu. Kwa upande mwingine, balbu ya H3 au H4 hupatikana kwenye duka la spea la mji mdogo wowote, na LED iliyofungwa kiwandani ikifa hutupwa nzima. LED za bei ya chini huingiza kelele kwenye redio ya mawasiliano, kero ambayo madereva wa mashirika na wa safari wanaifahamu. Mwanga wake mweupe wenye ubuluu, wa kelvini 6000 na zaidi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), huchosha macho katika vumbi na ukungu kuliko ule wa halojeni wa kelvini 3200 hivi. Anayechagua LED aitafute ya rangi ya manjano au yenye weupe unaoelekea umanjano. Mimi ningechukua LED kwa gari linalolala mjini, na halojeni kwa gari linaloishi mbali na mafundi.

Kabla ya yote hayo, taa za gari lenyewe zitazamwe. Magari mengi yanayoingia yakiwa yametumika yana plastiki ya taa iliyofifia na kugeuka njano. Kuisugua na kuziseti upya taa hizo hugharimu kidogo kuliko taa yoyote ya ziada. Taa mpya zikifungwa, waya unene wake ulingane na umeme unaopita, fyuzi ikae karibu na betri, na rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, iunganishwe na fulu, ili dereva anaposhusha taa kumpisha mwenzake za ziada nazo zizime palepale, pasipo yeye kutafuta swichi nyingine gizani. Siku ya kuziseti, gari lipakiwe kwanza mzigo linaoubeba kila wiki.