Imani ya wanandoa mbele ya saratani: inabeba, na inaweza pia kuziba midomo

Saratani ikiingia kwenye ndoa ya Wakristo, ubishi unaosikika zaidi ni ule wa maombi au hospitali. Kwa waumini wengi hapa Tanzania ubishi huo ulikwisha zamani. Makanisa ndiyo yaliyojenga Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi, na leo kote huko saratani inatibiwa. Mama anayeshuka kwenye daladala asubuhi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, huenda ameombewa jana yake jioni, wala haoni mgongano wowote. Kuna kitu kingine ambacho naona hatukipimi vya kutosha: imani hiyo inawafanyia nini mume na mke, wao kwa wao, katika miezi ya matibabu.

Nianze na inachowafaa, maana ni kikubwa. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa takriban wiki tano. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hiyo ni nauli ya kila siku. Kwa aliyetoka Kigoma au Songea ni wiki tano za kulala kwa ndugu, watoto wameachwa na bibi, mume amebaki shambani. Hapo ndipo jumuiya ndogondogo inapoleta uji, inapochangisha nauli, inapokwenda kuangalia wale watoto.

Halafu kuna kiapo. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliofuatilia wagonjwa 515 wenye maradhi mazito, wengi wao wa saratani, waliripoti kwamba ndoa ilivunjika kwa asilimia 20.8 ya wagonjwa wanawake, na asilimia 2.9 tu ya wagonjwa wanaume. Hizo ni takwimu za kwao, na hazikupima imani. Ila aliyewahi kuuguza mtu wodini anajua ni nani humuuguza nani. Mume aliyesema “katika magonjwa na afya” mbele ya usharika mzima ana wasimamizi wa ndoa, ana wazee wa kanisa, ana watu wa kumuuliza amekwenda wapi.

Sasa upande wa pili. Yako mafundisho yanayomkataza mgonjwa kukiri ugonjwa wake. Mke amepata dripu ya pili ya kemo, yaani dawa kali za saratani, mdomo una vidonda, hata maji hayapiti vizuri, nywele zinabaki kwenye kilemba. Anamwambia mumewe, “Baba Neema, naogopa.” Anajibiwa, “Usikiri hivyo, mama. Umeshapona kwa jina la Yesu.” Simlaumu huyo baba moja kwa moja. Neno “utapona” limewainua wengi kitandani wakaenda kumalizia dozi ambayo wangeikimbia, na yeye mwenyewe anaogopa kuliko anavyoonyesha. Lakini mke ameshajifunza kunyamaza. Kesho yake homa ikipanda hatasema, na homa kwa mtu aliye kwenye kemo, chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Mtume Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, mwiba ukabaki, naye akauandika waziwazi katika waraka. Hakuna aliyemwambia amekosa imani.

Na lipo jambo ambalo mimbarini halitajwi kabisa. Mionzi ile ya nyonga huweza kuufanya uke ubane na ukauke, tendo la ndoa likawa maumivu. Mume amesikia tangu siku ya harusi kwamba “msinyimane.” Mke anajua andiko hilohilo. Anavumilia kimya, au anakataa huku akijiona mkosaji, na mume naye anadhani amechukiwa. Wauguzi wanayo maelekezo ya kusaidia, lakini ni lazima mtu aulize, na wanandoa waliozoea kuitana watakatifu huona aibu kuuliza. Hapa nadhani kanisa linadaiwa. Kama linaweza kusimamia mafundisho ya ndoa kwa wachumba, linaweza pia kukaa faraghani na wanandoa hawa na kuwaambia kwamba Paulo katika andiko hilo alizungumzia kupatana, hakumpa mtu ruhusa ya kumuumiza mwenzake.

Andiko ninaloliona linafaa kuliko yote ni la mfalme Hezekia, Isaya 38. Alilia, akaomba, akaongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Wahubiri wanaipenda ile miaka 15, na wenye busara hutaja zile tini. Sentensi ya kwanza ya Isaya ndiyo inayorukwa: “Tengeneza mambo ya nyumba yako.” Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa wanandoa hao, kuzungumza juu ya ada za watoto, deni la SACCOS na nani atalea wadogo hakupunguzi maombi hata moja, kama vile hakukumpunguzia Hezekia. Ila mmoja wao akithubutu kuanza, mwenzake humwona amekata tamaa, kwa hiyo wote wawili wanangoja. Mtu wa tatu anayeaminika anaweza kuwafungulia. Mchungaji aliyekuja kumpaka mgonjwa mafuta na kumwombea uponyaji anaweza, kabla hajaaga, kuwauliza kama hati ya kiwanja ina majina yao wote wawili.