Kioo cha Ulaya, jua la Kigamboni

Siku hizi kila nikifungua simu nakutana na nyumba mpya ya mtu wa Dar: ukuta wa mbele wote kioo cha bluu, paa limefichwa nyuma ya ukuta, upenu hakuna. Chini watu wanasifia, "kama Ulaya." Mimi naishi Frankfurt, na hiyo Ulaya mnayoisifia sijaiona.

Huku kioo ni cha kuotea jua. Desemba, saa sita mchana, jua huwa upande wa kusini, nyuzi kama 17 tu kutoka upeo wa macho, kwa hiyo mwanga hupenya hadi ukuta wa nyuma na kupasha sakafu. Ndiyo maana madirisha makubwa hutazama kusini, ya kaskazini yakawa madogo. Mji jirani wa Darmstadt, mtaa wa Kranichstein, mwaka 1990 hadi 1991 zilijengwa nyumba nne zilizoungana kwa mtindo huo, zenye vioo vya tabaka tatu na kuta zilizovikwa kinga nene ya baridi. Kipimo kilichotokana na kazi ile ni kwamba kupasha nyumba joto kusizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka.

Kiangazi kikifika, Mjerumani hulikimbia jua lilelile. Wengi hawana kiyoyozi nyumbani. Asubuhi wanateremsha vifuniko vya madirisha, usiku wanafungua hewa iingie. Na vifuniko hivyo viko nje. Pazia la ndani limeshachelewa: jua likipita kioo, vitu vya ndani vinapata moto, na joto lao halitoki kirahisi.

Sasa njoo Dar. Jua letu ni la utosi. Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na upenu wa kawaida tu unalizuia. Kuta zinazochomwa ni za mashariki na magharibi, jua likiwa chini. Halafu mtu anaweka kioo magharibi kwa sababu barabara iko huko! Kaskazi na kusi zinapita nje, madirisha hayafunguki, viyoyozi vinakula umeme wa LUKU usiku kucha. Waliojenga Lamu kwa mawe ya matumbawe na chokaa, uwanda wazi ndani ya nyumba na vichochoro vya kutiana kivuli, wangetucheka.

Ila sitetei kila cha zamani. Nyumba zetu nyingi zenye korido katikati, taa inawaka saa saba mchana. Hapo Wajerumani wametuzidi: kanuni za ujenzi za majimbo mengi zinataka madirisha ya chumba cha kuishi yafikie walau sehemu moja ya nane ya eneo la sakafu.

Mdogo wangu anasimamia ujenzi wetu Kigamboni, na tunabishana. Kioo kikubwa nakitaka, ila kitazame kaskazini, chini ya upenu wa mita moja na nusu. Hata Juni, saa sita mchana, kivuli kitashuka mita mbili na nusu. Magharibi tuweke stoo, choo na ngazi, tena ngazi iwe na matofali ya matundu, kisha tupande mwarobaini. Yeye analalamika kwamba wapita njia hawatakiona kioo. Nimemwambia wapita njia hawalipi umeme.