Fedha ya mradi wa kijiji ishikwe na kijiji

Nimekulia Mbinga, Ruvuma, na sasa naishi Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Watu wakinilinganishia vyuo vikuu vya Marekani na vya kwetu, huanzia kwenye majengo na maabara. Mimi naangalia kitu kingine: chuo na wananchi wakifanya mradi pamoja, nani anashika mfuko?

Nianze na huku. Mwaka 2000 shirika la bima ya afya la hapa, Blue Cross & Blue Shield United of Wisconsin, liliruhusiwa kugeuka kuwa kampuni ya biashara. Kwa kuwa lilijengwa kama shirika lisilotafuta faida, thamani yake haikuachwa iishie mifukoni mwa wenye hisa. Ilipelekwa kwenye shule mbili za udaktari za jimbo, moja Madison na nyingine hapa Milwaukee, kwa sharti kwamba iwafae watu wa Wisconsin. Kwa upande wa Madison, asilimia 35 iliwekwa kwa ajili ya afya ya jamii, na ruzuku zikaanza kutoka mwaka 2004. Ninachokipenda ni muundo wake. Katika ruzuku za jamii, kikundi cha wananchi kinaweza kuwa ndicho mwombaji, na mhadhiri akaingia kama mshirika. Hata kamati inayosimamia fedha ina wajumbe wasio watu wa chuo.

Tofauti hiyo nimeiona ikifanya kazi. Kuna kikundi cha akina mama Wakongomani waliokuja huku kama wakimbizi, nami huwasaidia kwenye makaratasi. Walipata ruzuku ya namna hiyo kwa ajili ya shinikizo la damu. Mtaalamu wa chuo alikuja na mpango mzuri wa masomo ya lishe, mabango na vipeperushi vikiwa tayari. Wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha mama mmoja wa Uvira akasema, "Daktari, chumvi tunaijua. Kliniki inafunga saa kumi na moja, na sisi kiwandani tunatoka saa kumi na mbili." Bajeti ikapangwa upya palepale. Fungu la vipeperushi likawa la muuguzi wa jioni, nauli, na ujira wa saa kwa akina mama wawili waliofundishwa kupima presha kanisani baada ya ibada. Akaunti ya benki ilikuwa ya kikundi, kwa hiyo yule mtaalamu, ambaye ni mtu muungwana kabisa, alilazimika kuwashawishi. Hakuwa na uwezo wa kuwaamulia.

Nyumbani nimezoea kuona kinyume chake. Gari linaingia kijijini, mtendaji anaita watu, dodoso linasomwa, tunatia saini karatasi ya mahudhurio, tunapewa soda na posho kidogo, gari linaondoka. Kwenye andiko la mradi tumeandikwa "wadau". Bajeti hatukuiona wala matokeo hatukuletewa. Kuna watafiti waliopima udongo wa mashamba ya ukoo wetu nikiwa shuleni, na mpaka leo hakuna aliyerudi kuwaambia wazee udongo ule una nini. Hili linaniuma, kwa sababu watu waliacha kazi za msimu ili wawasaidie.

Na si kwamba kwetu haiwezekani. Umatengo, yaani milimani kwetu Mbinga kwa Wamatengo, tunao mfano ambao vyuo vyetu vingepaswa kuutaja kila siku. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kikishirikiana na Wajapani wa JICA, shirika la serikali ya Japani la misaada ya maendeleo, kilifanya kazi milimani kwetu na kuanzisha Kituo cha Maendeleo Endelevu Vijijini. Mradi wenyewe ulikwenda tangu 1999 hadi 2004. Watafiti wale walianza kwa kujifunza ngolo, kilimo chetu cha asili cha mashimo. Asiyeijua namweleza: wanaume wanafyeka majani na kuyapanga miraba kwenye mteremko, kisha wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika. Yanabaki mashimo yanayoshika maji ya mvua, na maharage na mahindi yanakaa kwenye matuta. Mlima unalimwa na udongo haukimbii. Wataalamu walikubali kuwa wanafunzi wa wakulima. Kutoka hapo kijiji cha Kindimba kikapata kinu cha kusaga kinachoendeshwa na maji, na wanakijiji wakaunda kamati yao wakiipa jina la Sengu, baraza la kimila la Wamatengo ambapo watu walikula pamoja na kujadili mambo.

Ninapolisema hili, wasomi wenzangu wananijibu kwamba kijiji hakiwezi kushika fedha. Sikubali. Halmashauri ya kijiji ni chombo chenye hadhi ya kisheria chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, na mapato na matumizi yake husomwa kwenye mkutano mkuu. Halmashauri za wilaya zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ndiyo, mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya fedha kupotea, lakini mwaka 2024 ilirudi kwa utaratibu mpya. Utaratibu ulirekebishwa, na wananchi hawakuambiwa kwamba hawafai. Mtafiti akipoteza fedha, mbona hatusemi vyuo visipewe tena?

Sisemi Marekani ni peponi. Fomu za ruzuku zimeandikwa kwa Kiingereza kinachowashinda hata wazawa, miradi hufa baada ya miaka miwili au mitatu, na mwaka 2025 serikali ya shirikisho ilipokata fedha za utafiti, tuliona jinsi kazi ya miaka inavyoweza kusimama ghafla.

Lakini wenye mamlaka nyumbani wanaweza kuanza na kidogo. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, inasimamia mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE. Itengwe sehemu ndogo ya mfuko huo ambayo mwombaji wake ni kijiji, chama cha ushirika au kikundi kilichosajiliwa, na chuo kiwe mshirika anayelipwa kutoka akaunti hiyo. Fomu iwe ya Kiswahili. Malipo ya mwisho kwa mtafiti yatolewe akishasimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, akasoma matokeo, na muhtasari wa mkutano ule ukatiwa saini na mwenyekiti.