Mtaalamu wa lishe na chungu cha kantini

Kwa miaka mitatu baada ya kumaliza masomo ya lishe nilifanya kazi katika hospitali moja ya hapa Lubumbashi, Kongo, bila matrikule, yaani namba ya mtumishi wa serikali, nikipewa sehemu ndogo ya mapato ya idara katika miezi ambayo mapato yalipatikana. Kutwa nilipima uzito, nilijaza daftari, na mgonjwa wa kisukari alipokuwa akifunga virago nilimpa karatasi yenye orodha ya vyakula. Hospitali ile haikuwa na jiko. Ndugu za wagonjwa ndio walioleta bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) kutoka nyumbani, zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa, na mimi nilikuja kujua kilichoko ndani ya sahani baada ya kuliwa. Nilikuwa mtaalamu wa chakula mahali ambapo chakula hakipikwi. Huzuni ya miaka ile haijaniisha, na kwa ajili yake ninaandika: vijana wanaosomea lishe katika mji huu wanaandaliwa kusubiri nafasi wodini, ilhali maamuzi kuhusu chakula cha watu wa Lubumbashi yanafanyika kwingine kabisa, katika kantini za migodi, katika vinu vya kusagia mahindi, shuleni, katika soko la Kenya, kata ya mji wetu, na katika jiko la mkaa uani.

Jambo hili si geni kwetu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, iliwagawia wafanyakazi wake na familia zao posho ya chakula, kwa sababu ilitambua mapema kwamba mtu asiyekula vizuri hachimbi vizuri. Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi baada ya serikali kutwaa mali zake mwaka 1967, iliendelea na desturi hiyo, na wazee wa mji bado wanaukumbuka unga wa kampuni kama wanavyoukumbuka mshahara. Sikusudii kuusifu utawala wa kikoloni, ambao ulimhesabia mtu chakula kama unavyohesabu mafuta ya mashine. Ninachotaka kionekane ni kwamba lishe katika Katanga ilipangwa mahali pa kazi tangu zamani, na leo, migodi inapokodi kampuni za upishi kulisha mamia ya watu kwa zamu, kiti cha mtaalamu wa lishe katika kantini hizo mara nyingi kipo wazi, hakuna aliyekikalia.

Niliingia katika kantini ya kwanza kwa kuomba mwezi mmoja wa majaribio. Mama mkuu wa jiko, mwanamke mwenye uzoefu wa miaka mingi ambaye sikuthubutu kumfundisha kupika, alikuwa akitia chumvi kwa kiganja, kama alivyofundishwa na mama yake. Siku ya tatu nilimwomba aitie kwanza kwenye mizani. Tulipata gramu 900 katika chungu cha maharage cha watu 120, bila kuhesabu vidonge vya supu, ambavyo karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Maana yake kila sahani ilibeba zaidi ya gramu 7, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Mama aliitazama mizani, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, na mume wangu ana presha." Msimamizi kwa upande wake alinijibu kwamba wachimbaji hutoka jasho jingi. Hoja yake ilistahili jibu la heshima, kwa hiyo nilihesabu: wengi waliokula pale walikuwa madereva, makarani na walinzi, na hata anayetoka jasho anahitaji kwanza maji ya kutosha. Tulipunguza kidogo kidogo kwa wiki sita hadi gramu 500, tukiongeza kitunguu, nyanya na ndimu. Juma la kwanza watu walinung'unika. Baadaye hakuna aliyeona tofauti tena.

Katika miaka mitatu ya wodini sikuwahi kufanya kazi iliyogusa shinikizo la damu la watu 120 kwa mpigo.

Wapo wakubwa zangu wa kazi wanaosema kwamba anayetoka hospitalini ameacha taaluma na kufuata biashara. Ninawaheshimu, ila historia ya fani yetu wenyewe haikubaliani nao. Zamani mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa kwa wiki nyingi, mama akiacha shamba na watoto wengine. Mwaka 1996 Wafaransa wawili, daktari André Briend na mhandisi wa chakula Michel Lescanne, walitengeneza mchanganyiko laini kama siagi, wa karanga, maziwa, mafuta na sukari, ulioongezwa vitamini na madini, pakiti ya gramu 92 ikitoa kalori 500, isiyohitaji maji wala kupikwa. Kuanzia hapo mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na maradhi mengine mazito aliweza kutibiwa akiwa nyumbani, na mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliunga mkono njia hiyo rasmi. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto, ambao chini ya milimita 115 hutangaza hatari, ukawekwa mikononi mwa wahudumu wa kijijini, na hata mikononi mwa akina mama. Tiba ngumu kuliko zote katika fani yetu ilitoka wodini kabla yetu.

Kinu ni mahali pengine ninapopapenda. Mama anayenunua unga kwa meka, kile kibakuli cha kupimia sokoni, huchagua mweupe kuliko wote, na mwenye kinu, kwa kumridhisha, hukoboa mahindi mpaka pumba na kiini vimeondoka pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B, chuma na nyuzinyuzi. Mahindi mengi yenyewe yanatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na kila Zambia inapozuia kuuza nje, bei hupanda na mboga huwa ya kwanza kupungua sahanini. Mtaalamu wa lishe anayekaa na mwenye kinu anaweza kumshauri kusaga aina mbili na kueleza wateja tofauti yake, au kumsaidia kutengeneza unga wa uji wa mahindi na soya. Hapo utaalamu unahitajika kweli, kwa maana soya isiyokaangwa vya kutosha huzuia usagaji wa protini tumboni, na karanga zilizohifadhiwa penye unyevu zinaweza kubeba sumu ya ukungu inayodhuru ini.

Kuhusu fedha, nasema wazi kwamba ushauri wa bure haulishi nyumba. Mkataba wa kila mwezi na kantini mbili, pamoja na wagonjwa wachache wa kisukari ninaowatembelea nyumbani, unanipa pato ambalo hospitali haikuwahi kunipa. Mkataba uandikwe na kazi zitajwe moja moja, pamoja na kile ambacho si kazi yako. Mgonjwa wa figo au anayetumia insulini sibadilishi chakula chake bila kuzungumza na daktari wake, kwani kupunguza bukari bila kurekebisha dozi ya insulini kunaweza kushusha mno sukari ya damu na kumwangusha mtu.

Linaloniumiza ni kuona wenzangu wakiuza vidonge na chai za kupunguza unene kwa watu walewale wanaowashauri. Anayekula faida ya dawa hawezi tena kumwambia mgonjwa kwamba haihitaji. Mimi sina unga wala chai ya kuuza, na mteja anayetaka kununua namwonyesha cha kutafuta sokoni: lenga-lenga (mchicha), ndakala (dagaa), maharage.

Shule zetu zinaweza kuanza na jambo dogo. Mafunzo ya vitendo ya mwaka wa mwisho yagawanywe, nusu hospitalini na nusu katika kantini, kinu au shule ya msingi, na mwanafunzi aje na mizani yake. Kantini moja ninayoihudumia imekubali kupokea wawili, na Mama mkuu wa jiko amesema atawafundisha yeye mwenyewe.